Namba moja ya wiki ipi? Yaliyomo ndani ya orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi

Mwaka 1956 maduka ya vitabu ya New York yalianza kupata wateja wanaoulizia riwaya moja, I, Libertine, ya Frederick R. Ewing. Muuzaji anapekua katalogi, haioni. Anakuja mteja mwingine na jina lilelile. Anaulizwa msambazaji, naye hana jibu. Kitabu hakikuwapo, wala mwandishi hakuwapo. Vyote viwili vilitungwa redioni usiku na mtangazaji Jean Shepherd akishirikiana na wasikilizaji wake. Shepherd alichoshwa na orodha za vitabu vinavyouzwa zaidi alipobaini kwamba maulizo ya wateja nayo yalikuwa yakichangia kukipandisha kitabu, hata kabla hakijauzwa. Basi akawatuma wasikilizaji waende wakaulize. Uvumi ulipokua, kampuni ya Ballantine ilimpa kazi Theodore Sturgeon aiandike riwaya yenyewe, nayo ikatoka mwaka huohuo.

Siku hizi maulizo hayahesabiwi. Ila swali la Shepherd lipo palepale: kitabu kikiitwa namba moja, nani amehesabu, amehesabu nini, na kwa muda gani? Nina sababu ya kulijali. Kitabu cha jalada gumu ni ghali kwetu, hata kikiwa cha mitumba, na zaidi ya mara moja nimetoa pesa niliyoitengea jambo jingine kwa kuwa juu ya jalada palikuwa na maneno "New York Times Bestseller" kwa herufi za dhahabu. Niliyasoma kama cheti. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba ni habari ya wiki moja tu, iliyopimwa kwa kanuni za chumba kimoja cha habari, na kwamba mtu akizijua kanuni hizo habari yenyewe inamfaa zaidi.

Historia yake ni fupi. Jarida la The Bookman lilianza kuchapisha orodha za namna hii Marekani mwaka 1895. New York Times lilichapisha ya kwanza tarehe 12 Oktoba 1931, riwaya tano na vitabu vinne visivyo vya kubuni, na ilihusu jiji la New York pekee. Mwaka 1942 ikawa ya nchi nzima. Leo orodha zake kuu za jalada gumu ni mbili, moja ya vitabu vya kubuni na nyingine ya visivyo vya kubuni, kila moja ikiwa na nafasi 15.

Wiki ya kuhesabu huanza Jumapili na kuisha Jumamosi. Vitabu vipya Marekani kwa kawaida hutoka Jumanne, kwa hiyo kitabu kipya kina siku tano tu katika wiki yake ya kwanza. Hapa ndipo panapoeleweka kwa nini waandishi huwaomba wasomaji waweke oda miezi kadhaa kabla: oda zote za mapema huhesabiwa siku kitabu kinapotoka, hata kama zimekusanywa kwa nusu mwaka. Kitabu kinaweza kuingia orodhani kwa nguvu ya oda za miezi sita zilizomiminwa kwenye wiki moja, kisha wiki inayofuata kisionekane tena. Mwandishi atabaki na jina la "bestseller" maisha yake yote. Hajadanganya, maana kweli alikuwamo.

Maduka yanayoripoti mauzo yao ni mengi, kuanzia minyororo mikubwa na maduka ya mtandaoni hadi maduka madogo ya mitaani. Majina yao hayatangazwi, na sababu inaeleweka: yakijulikana, mwenye pesa atajua aende kununua wapi. Takwimu zikifika hazijumlishwi tu kama hesabu ya duka la Mangi. Hupewa uzito, ili duka moja dogo lisimame badala ya mengine yanayofanana nalo ambayo hayakuripoti. Uzito huo ni kiasi gani, gazeti halisemi. Kinachohesabiwa ni nakala iliyofika mkononi mwa msomaji. Iliyosafirishwa kwenda dukani haimo, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu tangu miaka ya 1930 maduka ya Marekani yana desturi ya kumrudishia mchapishaji vitabu visivyouzika. Mchapishaji anayejisifu kwamba amechapa nakala nusu milioni hajakuambia ngapi zitarudi ghalani.

Halafu kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawaligundui hata baada ya miaka ya kuisoma orodha hii: haina idadi. Ina nafasi tu. Januari 2025 ilitoka Onyx Storm ya Rebecca Yarros, na nakala milioni 2.7 za aina zote ziliuzwa katika wiki ya kwanza. Ilikuwa namba moja. Katika wiki tulivu, kitabu kilichouza sehemu ndogo sana ya hizo nacho ni namba moja, kwa herufi zilezile za dhahabu. Watu wa biashara hii hutaja nakala kati ya 5,000 na 10,000 kwa wiki kuwa zinaweza kukitosha kitabu kuingia mahali fulani kwenye orodha, lakini inategemea kinashindana na nani. Mwandishi aliyetoa tawasifu yake wiki ya tarehe 10 Januari 2023 alikutana na Spare ya Prince Harry, iliyouza zaidi ya nakala milioni 1.4 siku ya kwanza pekee katika Marekani, Uingereza na Kanada. Angesubiri wiki chache, nakala zilezile zingempa cheo kingine.

Aliyelifikisha jambo hili mahakamani ni William Peter Blatty. Riwaya yake Legion ilipotoka mwaka 1983, aliamini imeuza vya kutosha kukaa orodhani, lakini ilionekana wiki moja tu, nafasi ya mwisho. Akalishtaki New York Times akidai dola milioni 6. Utetezi wa gazeti ndio unaostahili kukumbukwa na kila msomaji: orodha ni kazi ya kihariri, haikukusudiwa kuwa hesabu halisi, na kazi ya kihariri inalindwa na uhuru wa habari. Blatty alishindwa mbele ya Mahakama ya Juu ya California mwaka 1986, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa yake. Sioni kama gazeti lilifanya vibaya kusema hivyo. Lilisema ukweli. Tatizo ni kwamba ukweli huo haukuwahi kuchapwa kwenye majalada.

Ukitaka hesabu iliyo karibu zaidi na halisi, ipo. Tangu 2001 mfumo wa BookScan hukusanya mauzo ya Marekani moja kwa moja kutoka kwenye mashine za malipo, kila msimbo pau wa kitabu unapopigwa mwanga, na hunasa takriban asilimia 85 ya vitabu vya karatasi. Lakini huo ni wa kulipia, na wateja wake ni wachapishaji na mawakala. Mimi na wewe tunaletewa nafasi.

Sasa tuje kwenye lile jalada gumu, maana hapa pana mkanganyiko mkubwa kuliko wote. Kwa nini orodha kuu ni ya jalada gumu? Kwani riwaya inabadilika ikivishwa jalada jepesi?

Jalada gumu, kwa mchapishaji wa Marekani au Uingereza, kimsingi ni kipindi. Kitabu kipya kinachotarajiwa kuvuma hutoka kwanza kwa jalada gumu, kwa bei ya kama dola 30. Ndipo magazeti hukihakiki, maktaba hukinunua, na mwandishi huzungushwa mijini na redioni. Baada ya takriban mwaka hutoka chapa ya jalada jepesi, pengine kwa dola 18, kwa ajili ya wale waliokuwa wakisubiri. Kwa hiyo orodha ya jalada gumu ni orodha ya vitabu vipya, inayotuambia walio tayari kulipa zaidi ili wasome mapema wananunua nini. Kitabu cha miaka mitano iliyopita kinaweza kuwa kinauzwa kuliko vyote humo, kikiwa na jalada jepesi, na usikione.

Pesa nayo ina lake. Mkataba wa kawaida Marekani humpa mwandishi mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya jalada gumu kwa nakala 5,000 za kwanza, asilimia 12.5 kwa 5,000 zinazofuata, na asilimia 15 baada ya hapo. Jalada jepesi ni kama asilimia 7.5. Piga hesabu: nakala ya dola 30 kwa asilimia 15 ni dola 4.50, nakala ya dola 18 kwa asilimia 7.5 ni dola 1.35. Msomaji mmoja wa jalada gumu anamlipa mwandishi kama watatu wa jalada jepesi. Ndiyo maana nyumba kubwa tano zinazotawala biashara hii Marekani, yaani Penguin Random House, HarperCollins, Simon & Schuster, Hachette na Macmillan, huelekeza nguvu zao kwenye wiki za mwanzo za jalada gumu. Miaka ya karibuni limeongezwa pambo: kingo za kurasa hupakwa rangi au kuchorwa, na vijana hununua nakala ya pili ya kitabu walichokwisha kukisoma ili ikae rafuni. Toleo la fahari la Onyx Storm lilikuwa la namna hiyo. Nakala hizo nazo ni mauzo, na zinahesabiwa kama nyingine.

Mgawanyo wa kubuni na visivyo vya kubuni unaonekana wa asili, kama mchana na usiku. Lakini kuta za orodha zimesogezwa mara nyingi, na kila mara kwa sababu fulani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitabu vya kupunguza uzito, kutajirika na kulea watoto vilikuwa vikijazana na kuvibana vya historia na wasifu. Mwaka 1984 gazeti likavijengea chumba chao, orodha ya ushauri. Mwaka 2000 ilikuwa zamu ya Harry Potter. Vitabu vitatu vya mfululizo huo vilikuwa vimeketi kwa muda mrefu kwenye orodha ya riwaya za watu wazima, na cha nne kilikuwa njiani kutoka Julai. Wachapishaji wa riwaya nyingine wakalalamika kwamba nafasi zinaisha. Kikaundwa chumba cha watoto, na vitabu vilivyokuwa vikiuzwa kuliko vyote nchini vikahamishwa kutoka sebuleni. Mwaka 2011 vitabu vya kielektroniki vikaingizwa kwenye orodha zake za pamoja, na mwaka 2017 orodha kadhaa zikafutwa, ikiwamo ya riwaya za picha. Mwandishi anaweza kulala akiwa bingwa wa orodha na kuamka orodha yenyewe haipo.

Vipo pia vitabu vilivyofungiwa nje kabisa: vya kiada, vya kujiandaa na mitihani, vinavyosomwa kwa lazima darasani, vile vinavyouzwa mwaka nenda mwaka rudi bila kupungua, na vya kielektroniki vinavyopatikana kwa muuzaji mmoja tu.

Nilipoisoma kanuni hii mara ya kwanza nilifikiria maduka yetu. Ukitoa vitabu vya shule, vitabu vya mitihani, riwaya teule za fasihi, Msahafu na Biblia, rafu nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa zitabaki na nini? Kwa kanuni za New York, vitabu vinavyosomwa na watu wengi zaidi kwa Kiswahili visingeingia orodhani hata kimoja. Riwaya yetu huuzwa sana pale inapoteuliwa kutahiniwa, na kuteuliwa huko ndiko kungeifungia nje. Hata uhesabuji wenyewe ungekwama. ISBN, yaani namba za utambulisho wa vitabu, tunazo: vitabu vingi vya Kenya hubeba 9966 baada ya 978, vya Tanzania 9976 au 9987, vya Uganda 9970, na jalada gumu na jalada jepesi la kitabu kilekile kila moja hupewa namba yake ili mashine ivitofautishe. Lakini mashine ya kuisoma namba hiyo haipo kwa muuzaji aliyetandika vitabu kando ya barabara, wala haipo mwandishi anapotangaza riwaya yake kwenye WhatsApp, akalipwa kwa simu, na kuituma kwa basi hadi Tanga. Mauzo hayo ni ya kweli kabisa, ila hakuna anayeyaona isipokuwa wawili hao na kondakta.

Turudi Marekani, kwenye udanganyifu. Mwaka 1995 jarida la BusinessWeek liliripoti kwamba waandishi wawili wa kitabu cha biashara walihusishwa na ununuzi wa nakala zaidi ya 10,000 za kitabu chao, kidogo kidogo, katika maduka yaliyodhaniwa kuripoti kwa gazeti. Wao walikana kufanya kosa. Hesabu ya kibiashara ya kufanya jambo kama hilo haihitaji maelezo marefu: kitabu kikiwa orodhani, ada ya kualikwa kuhutubia makampuni hupanda. Baada ya hapo gazeti lilianza kuweka alama ya msalaba mdogo mithili ya kisu mbele ya kitabu ambacho maduka yameripoti kupokea oda kubwa za mkupuo. Kitabu hakiondolewi lazima. Kinatiwa alama. Ukiiona, jua huenda kampuni, chama au taasisi imenunua maboksi. Huenda pia ni mkutano halali ambapo kila mjumbe alipewa nakala. Alama haisemi ni lipi. Kinyota nacho maana yake ni kwamba mauzo ya kitabu hicho yamekaribiana mno na ya kilicho juu yake.

Agosti 2017 hila kama hiyo ilivunjwa na wasomaji wenyewe. Kitabu cha vijana ambacho karibu hakuna aliyekisikia kilitokea ghafla namba moja kwenye orodha ya vitabu vya vijana vya jalada gumu. Waandishi na wauzaji wa vitabu vya vijana wakaanza kuulizana mtandaoni: nani amekiona dukani? Wauzaji wakaeleza kwamba walikuwa wamepigiwa simu na mtu aliyeuliza kwanza kama duka lao huripoti kwa New York Times, kisha akaagiza kwa wingi. Siku hazikwisha mbili, gazeti likakiondoa, na The Hate U Give ya Angie Thomas ikarudi kileleni.

Kwa nini watu wajisumbue hivyo? Kwa sababu orodha inafanya kazi. Mwanauchumi Alan Sorensen alichunguza riwaya za jalada gumu zilizotoka Marekani mwaka 2001 na 2002, akilinganisha zilizoingia orodhani na zile zilizouza vya kutosha lakini zikakosekana. Alikuta kwamba kuingia kuliongeza mauzo ya mwaka wa kwanza kwa wastani wa asilimia 13 au 14. Kwa mwandishi wa kitabu cha kwanza ongezeko lilikuwa asilimia 57. Kwa vigogo ambao kila riwaya yao huingia, hapakuwa na faida ya kuonekana, maana wasomaji wao wangenunua tu. Mwenye jina dogo ndiye anayenufaika zaidi, na ndiye orodha inayoweza kumkosa kwa urahisi zaidi.

Hapo ndipo ninapofikiria kuhusu Abdulrazak Gurnah. Mzaliwa huyu wa Zanzibar alikuwa ametoa riwaya 10, kuanzia mwaka 1987 hadi 2020, alipotangazwa mshindi wa Nobeli tarehe 7 Oktoba 2021. Wasomaji wa Marekani waliokimbilia madukani wiki ile waliambiwa nakala ni chache au hazipo kabisa. Afterlives, iliyotoka Uingereza mwaka 2020, ilikuwa bado haijachapishwa Marekani, na ilifika huko kwa jalada gumu Agosti 2022. Katika wiki ambayo watu wengi kuliko wakati wowote walitaka kumsoma, hapakuwa na cha kuwauzia, na nakala isiyokuwapo haiuziki wala haihesabiwi.

Kwa hiyo siku hizi nikiishika orodha, nafasi ya kitabu huiangalia mwisho. Naanza na safu ya wiki, ile inayoonyesha kitabu kimekaa humo kwa muda gani. Kilichoruka hadi namba mbili kikiwa na wiki moja kimeletwa na oda za mapema na jina la mwandishi. Kilicho namba kumi na mbili kikiwa na wiki arobaini kimeletwa na msomaji aliyemaliza na kumwambia jirani. Nikiwa mbele ya meza ya mitumba, ambako orodha haipo na liko jalada tu, nafungua ukurasa wa hakimiliki, nyuma ya ukurasa wa jina. Wachapishaji wengi wa Marekani huweka pale chini mstari wa namba, ambao mwanzoni kwa kawaida huwa kumi hadi moja. Kila wanapokichapa upya hufuta iliyo ndogo kuliko zote, kwa hiyo ndogo iliyobaki ndiyo chapa uliyoshika. Ikiwa ni 1, hiyo ni chapa ya kwanza, iliyotoka kabla ya msomaji yeyote kusema neno. Juzi niliokota riwaya isiyo na dhahabu yoyote juu ya jalada, mwandishi simjui. Namba ndogo kuliko zote kwenye mstari wake ilikuwa 14. Nikamuuliza muuzaji bei.